Dola 50, watu sita na vitabu vipya: jibu kwa mama wa Katuba

Swali lilikuja hivi kutoka Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, nalinakili kama lilivyoandikwa:

"Yaya jambo, mimi niko mama wa Katuba, nauza bitenge. Tuko batu sita mu nyumba na nimeweka dola 50 ya kununua vitabu, lakini vipya, hapana vile vya zamani vya masomo. Baba mkwe ana miaka 72, alitumika Gécamines mpaka 2003, anasoma Kifaransa muzuri lakini macho inachoka. Mama mkwe anasoma Biblia ya Kiswahili tu, Kifaransa hapana. Bwana yangu anaendesha lori, barabara ya Kasumbalesa, anasema kusoma kunamuletea usingizi. Binti ana 16, kijana ana 9. Na mimi. Nianze wapi? Hadithi za kutunga ao vitabu vya mambo ya kweli?"

Jambo mdogo wangu, na asante sana kwa kunieleza nyumba yako mtu kwa mtu, manake wengi wananiandikia tu "nitafutie kitabu kizuri" na mimi nabaki kama mtu anayeambiwa apike bila kuambiwa wageni ni nani. Niko na vitabu hapa Lubumbashi mwaka wa 19 sasa, nauza, naazimisha, nabandika migongo iliyokatika, na kitu nimeona kinachowafanya watu waache kusoma si uvivu hata kidogo. Ni ulimi na pumzi. Mtu anapewa kitabu cha Kifaransa cha watu wa chuo kikuu, kurasa 600, anafika ukurasa wa 12 anajiona mjinga, anafunga, na hafungui tena kitabu maisha yake yote. Kwa hiyo usiniulize kwanza kama ni cha kutunga ao cha kweli, tuulize hivi: huyu mtu anasoma kwa lugha gani bila kukunja uso, na pumzi yake inafika kurasa ngapi. Hayo mawili tukiyapata, mengine yanajipanga.

Halafu hili neno "vipya". Kitabu kilichotoka mwaka huu Paris kinauzwa karibu yuro 20 huko huko, kabla hakijapanda ndege, kwa hiyo dola 50 yako ni vitabu viwili na mfuko umeisha. Ukisubiri mwaka mmoja hivi kinatoka kwa toleo la mfukoni, lile dogo, na bei inashuka chini ya nusu. Mimi nakushauri usubiri. Na kitabu ambacho hakuna mtu wa nyumba yako amekigusa, mimi nakihesabu kipya, hata kama kimeandikwa wakati baba mkwe alikuwa kijana. Utaona kwa nini.

Naanza na wazee wako wawili kwa sababu ndio walionifanya nifurahi nikisoma barua yako.

Kuna maandishi yanaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Usidanganywe na jina, si kamusi. Ni historia ya mji wetu, iliyoandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa hapa, na watu waliokuwa maboyi, yaani wale waliopika, kufua na kulea watoto ndani ya nyumba za wazungu, na aliyeikusanya na kuiandika ni André Yav. Mji unaanza 1910, unaitwa Elisabethville mpaka 1966, na vitabu karibu vyote tulivyofundishwa vinauangalia kutoka kwenye baraza ya bwana. Hiki kinauangalia kutoka jikoni. Baadaye mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mwaka 1990, na maandishi yenyewe ya Kiswahili yako kwenye intaneti bure kabisa, hulipi hata franka moja. Ni kifupi, mzee anakimaliza kwa jioni chache.

Sasa fanya hivi. Usimsomeshe baba mkwe kwenye simu, macho yatamuuma. Nenda sekretaria yoyote ya fotokopi, waambie wakuze herufi mpaka 16 ao 18, wachape upande mmoja tu wa karatasi, wakushonee. Na uache nafasi pembeni. Hii ya nafasi nilifundishwa na mzee mmoja, mtu wa kambi za wafanyakazi yeye pia, alikuja kwenye meza yangu kutafuta kalenda nikampa yale makaratasi ajaribu ukurasa mmoja, akasoma amesimama, jua lote la saa nane, hakuongea kitu, nikafikiri pengine yamemchosha. Kumbe alikuwa anabishana nayo. Siku ya tatu akarudi na kalamu ya risasi, pembeni pote amejaza maandishi madogo madogo, "hapana, kambi ile ilikuwa upande mwingine", "hapa ni kweli, baba yangu alisema hivi hivi", akaniambia, mama, pembeni hakuna nafasi, unichapie nyingine. Nikamchapia yenye ukingo wa vidole vitatu. Mpaka leo naona ile nakala yenye maneno yake ndiyo kitabu kizuri kuliko vyote vilivyopita mikononi mwangu, na iko kwake, hakutaka kuiuza.

Na ona kitu hiki: kwa sababu ni Kiswahili, baba mkwe akisoma kwa sauti mama mkwe anasikia kila kitu. Hapo mmoja ametumikia wawili. Kiswahili chenyewe kimeandikwa kama kinavyosemwa, maneno yameungana, herufi zimekaa ovyo ovyo, ukisoma kimya kinakupa shida lakini ukikitoa mdomoni unashangaa, ni sauti ya babu yako. Kwa hiyo kisomwe kwa sauti, tena jioni umeme ukiwa umekatika ndiyo saa yake.

Akitaka zaidi, na Kifaransa chake kiko vizuri, kuna kitabu cha Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, Bana Shaba abandonnés par leur père, cha 2001. Watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na huyo baba ni Gécamines, kampuni ya madini, ile iliyokuwa inatoa nyumba, unga, shule na hospitali, halafu siku moja ikashindwa. Kinafuata familia za wafanyakazi kutoka 1910 mpaka 1997. Ni kazi ya kitaalamu, kiko na vipande vizito, asisome mfululizo, achague. Lakini mtu aliyetoka kazini 2003 pamoja na wale wenzake zaidi ya 10,000 waliopewa kile walichokiita kuondoka kwa hiari, atakuta humo mwanzo wa mambo yaliyompata. Usinunue, azima. Ukienda kwenye maktaba ya chuo ao ukiuliza mwalimu yeyote wa historia utakipata.

Mama mkwe naye awe na cha kwake mwenyewe, si cha kusomewa tu. Anayesoma Biblia ya Kiswahili anasoma Kiswahili bora, na watu wanasahau hilo, wanafikiri mama asiye na Kifaransa hana kitabu. Mnunulie Peponi. Aliyekiandika ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobel ya fasihi 2021. Alikiandika kwa Kiingereza 1994, na mwaka 2022 kikatoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis, shirika la Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana deni kwa mfanyabiashara tajiri, na mtoto anachukuliwa na huyo tajiri, anamwita mjomba, kumbe yeye ndiye rehani ya deni. Anakua dukani, halafu anaingia kwenye msafara wa biashara unaotoka pwani kwenda bara, upande wa maziwa.

Huo msafara ni mambo yetu kabisa. Njia za namna hiyo ndizo zilizoleta Kiswahili huku. Msiri mwenyewe, mfalme aliyetawala Bunkeya huku kwetu Katanga mpaka alipouawa Desemba 1891, watu wake walitoka Unyamwezi wakifuata shaba na pembe. Mama mkwe atakutana na maneno ya pwani asiyoyajua, mwambie asisimame kwenye kila neno, aendelee, mistari mitatu mbele neno linajifungua. Hivyo hivyo alivyofanya na Waraka kwa Warumi.

Na kukipata? Hapa ndipo mume wako anaingia. Kitabu kiko Dar es Salaam, na malori ya shaba yanashuka Dar kila siku kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, Tunduma. Madereva wanajuana wote. Ampe mwenzake pesa na jina la kitabu limeandikwa kwenye karatasi, jina na mwandishi, vyote viwili, asitegemee kukumbuka, kitarudi chini ya kiti cha lori. Nimepata vitabu vyangu vingi vya Kiswahili kwa njia hiyo na hakuna hata kimoja kilichopotea, vumbi tu.

Sasa huyo bwana mwenyewe. Mtu anayekaa foleni ya Kasumbalesa siku mbili tatu anasema kusoma kunamuletea usingizi, mimi simwamini, hajapewa tu kitabu chake. Usimpe romani, hadithi ndefu ya kutunga. Mpe katuni, tena hii: Madame Livingstone, ya 2014, mchoraji ni Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita ya kwanza ya dunia, Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wanataka kuzamisha meli ya Wajerumani, rubani wao wa ndege anapewa kiongozi wa njia Mkongomani anayevaa sketi ya Waskoti na anayesema baba yake ni Livingstone. Baruti anachora maji na ndege mpaka unasikia upepo. Na ile meli ni ya kweli, Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaiopoa, ikapewa jina Liemba na ikabeba abiria ziwani miaka na miaka. Dereva akisikia hadithi ya chombo kilichozamishwa kikafufuliwa kikafanya kazi karibu miaka 100, hatalala.

Binti. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu miaka 16 ndiyo tunawapoteza, anayeacha kusoma umri huo ni vigumu kumrudisha.

Ufaransa kuna tuzo inaitwa Goncourt des lycéens, ilianza 1988, na wanaochagua si maprofesa, ni wanafunzi wa sekondari karibu 2,000, umri wa binti yako. Wanasoma orodha nzima na wanagombana darasani mpaka wanapata kimoja. Mimi nikikosa la kumwambia kijana, naangalia orodha ya washindi wao, haijanitupa. Mwaka 2016 walichagua Petit pays ya Gaël Faye. Gabriel, mtoto wa Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, anaiba maembe na wenzake kwenye kona ya mtaa wao, na vita inaingia polepole, kwanza kwenye redio, halafu kwenye ugomvi wa wazazi, halafu mtaani. Kurasa 220 hivi, Kifaransa chepesi chenye muziki. Anzia hapo. Akikimaliza na akakuuliza "kuna kingine?", basi ni Jacaranda ya mwandishi huyo huyo, ya 2024, ilipata Renaudot, tuzo nyingine kubwa ya Ufaransa, mwaka huo: Milan amekulia Ufaransa na mama aliyenyamaza kuhusu Rwanda, na yeye anakwenda kutafuta kile kimya kilificha nini. Hiyo ndiyo mpya kabisa kwenye orodha yangu.

Najua kuna watakaokwambia, pamoja na yanayowapata ndugu zetu wa Goma na Bukavu kwenye vita ambayo Rwanda inalaumiwa, kwa nini umpe mtoto wa Kongo kitabu cha Rwanda. Nimeambiwa hivyo usoni, na anayesema ana uchungu wa kweli, simdharau. Lakini mimi naona binti anayejua jinsi chuki ilivyoingia kwenye mtaa wa watoto wa shule kama yeye, hatachukuliwa kirahisi na wa kwanza atakayekuja kumwambia nani wa kuchukiwa. Ukiona bado, anza na Aya de Yopougon, katuni za Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, wasichana watatu wa Abidjan miaka ya 70, wanacheka, wanadanganya wazazi, mmoja anashika mimba. Zilianza 2005 na ziliporudi baada ya kukaa kimya miaka mingi, 2022 na 2023, wasichana wangu wa hapa walizifukuzia kama mikate.

Kitu ambacho simpi bado ni Tram 83. Nasema hivi kwa uchungu kidogo manake Fiston Mwanza Mujila ni wetu, amezaliwa hapa Lubumbashi 1981, na hiyo romani ya 2014 imesomwa dunia nzima. Lakini ni usiku wa baa, wachimbaji, wasichana wadogo wanaojiuza, sentensi zinakimbia kama treni isiyo na breki. Ni nzuri sana, na ni yako wewe, si yake. Ama uchukue ile iliyofuata, La Danse du Vilain, ya 2020, humo kuna Lubumbashi ya wakati wa Zaire, watoto wa mitaani, na wale waliokwenda kutafuta almasi Angola. Karibu kila familia hapa ina mjomba aliyekwenda.

Lakini kwako wewe binafsi naweka kingine mbele. Les Impatientes ya Djaïli Amadou Amal, mwanamke wa kaskazini mwa Kameruni, nacho kilichaguliwa na wale wanafunzi, mwaka 2020. Kabla ya hapo kilitoka kwao kwa jina la Munyal, neno la Kifulfulde, maana yake subira. Wanawake watatu, Ramla, Hindou, Safira, na kila mmoja anaambiwa neno moja hilo hilo na baba, na shangazi, na mume: subira, subira. Wewe unauza bitenge, umekaa kwenye harusi ngapi, umesikia mara ngapi bibi arusi akiambiwa "vumilia mama, ndoa ni kuvumilia"? Nilikisoma usiku mmoja na asubuhi nikaenda kumsalimia dada yangu bila sababu. Soma wewe kwanza, kuna usiku wa arusi wa Hindou ambao ni mgumu, halafu mpe binti na mkae mzungumze. Usimwachie peke yake.

Cha mambo ya kweli kwako ni La force des femmes, kitabu cha daktari Denis Mukwege, cha 2021. Panzi, Bukavu, hospitali aliyoianzisha 1999 na anapotibu wanawake waliobakwa, Nobel ya amani 2018, hayo unayajua. Usichokijua mpaka ukisome ni kwamba anaongea zaidi juu ya wanawake wenyewe, walivyosimama tena, kuliko juu yake. Chukua polepole, sura moja kwa wiki inatosha.

Kijana wa miaka 9 usitumie pesa nyingi. Kuna African Storybook, iko kwenye intaneti tangu 2014, hadithi fupi zenye picha, Kiswahili kimejaa tele, bure, na wanaruhusu kuchapa. Pakua kumi, chapa kwenye ile ile sekretaria siku ile ile, na awe anamsomea bibi yake moja kila jioni, bibi atamrekebisha. Kwa Kifaransa tafuta vitabu vya picha vya Dominique Mwankumi, Mkongomani, watoto wa mtoni na wa mitaa ya kwetu wakiwa wamechorwa vizuri, na viatu vyao, na mitumbwi yao. Mtoto wa hapa anapojiona kwenye picha, anashika kitabu kwa namna nyingine, nimeona mara nyingi mno.

Pengine umesikia pia juu ya vitabu vikubwa, kile cha David Van Reybrouck juu ya historia ya Kongo, na kile cha Kiingereza cha Siddharth Kara juu ya madini ya kobalti ya Kolwezi, 2023. Cha kwanza ni kizuri kweli na wazee wetu wanaongea humo, lakini ni tofali, baba mkwe akiazime kama macho yatakubali. Cha pili siweki kwenye nyumba yako, watu wa Kolwezi humo wanalia tu, hawafikiri, na wewe unawajua.

Pesa sasa. Watu sita si vitabu sita. Peponi kwa njia ya lori. Petit pays na Les Impatientes toleo la mfukoni, vilivyotumika. Aya juzuu moja, iliyotumika. Makaratasi ya Yav na ya kijana kwa sekretaria. Hapo uko ndani ya dola 50, na ikibaki kitu ongeza kwenye Madame Livingstone, katuni za kurasa kubwa ni ghali, subiri mtu auze yake. La force des femmes utaazima kwangu.

Ukinunua vilivyotumika, vile vya kwenye turubai pembeni ya barabara, usiangalie gamba, yaani jalada. Shika kitabu, fungua katikati, angalia namba za kurasa zinavyofuatana, vitabu vimeshonwa kwa mafungu na fungu moja likitoka unaruka kutoka 96 mpaka 113 na muuzaji hakwambii. Nusa. Kama kinanuka unyevu, madoa yataingia kwa vingine. Na kama karatasi ni nyeupe mno na picha ya gamba imefifia kama imeoshwa, hiyo ni kopi ya wizi, mwandishi hapati kitu, tena wino unaisha ukurasa wa 150. Hata zile zinazotumwa WhatsApp ni wizi ule ule, nakuomba usimpe binti hizo.

Petit pays nimekwisha kuiweka pembeni kwa ajili yake, iko na doa la chai ukurasa wa kwanza lakini kurasa zote ziko, nimehesabu. Mlete yeye mwenyewe aichukue, Jumamosi niko mezani mpaka saa kumi.